Kutoka kwenye karai hadi Mnemba: wiki yangu ya snokeli Unguja

Nianze na ukweli kabisa, mimi ni mtu wa Dodoma, maji mengi niliyoyazoea ni ya tangi. Kuogelea nimejifunzia kwenye bwawa la hoteli, tena upande wa watoto, maji yakinifika kifuani nashika ukingo. Sasa mwaka jana mdogo wangu akaniambia dada twende Unguja tukaangalie samaki chini ya maji kwa snokeli, lile bomba la kupumulia uso ukiwa majini, nikacheka nikajua anatania, kumbe mwenzangu kashaanza kuweka hela. Baba J akadandia, tukawa watatu, mwezi wa pili, wiki moja. Naandika siku kwa siku kwa sababu kabla ya kwenda nilimtafuta mtu aliyeandika akiwa mwoga kama mimi sikumpata, wote wanaoandika ni kama wamezaliwa na mapezi miguuni.

Jumamosi, siku ya kwanza

Boti ya asubuhi kutoka Dar, kama masaa mawili hivi mpaka bandari ya Malindi. Beba kitambulisho, na kama tumbo lako sio la kuaminika kaa nyuma, katikati, sio mbele. Baba J akasema yeye bahari haimsumbui, akaenda kukaa mbele kabisa aone vizuri, walipopita kugawa vile vimfuko yeye ndio alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Sikusema kitu. Nilimwangalia tu.

Gesti yetu ilikuwa ndani ndani huko Mji Mkongwe, ile ya kupotea mara tatu ndo uipate, na kabla hatujatua mabegi papasi wameshatupata. Kama hujawahi kufika Zanzibar, papasi ni wale vijana wa mtaani wanaokutafutia boti, teksi, viungo, chochote, ukiwakataa kwa adabu wanakusindikiza kwa adabu hiyo hiyo mpaka mlangoni. Jioni tuko bustani ya Forodhani na juisi ya miwa mkononi wamekuja kama watano, mmoja baada ya mwingine, na wote wana wimbo mmoja wa kisiwa cha Mnemba, dada kesho Mnemba, Mnemba ndo yenyewe, nakupa ofa. Mmoja alianza na bei ambayo ningenunulia mbuzi wawili.

Wa mwisho alikuwa kijana mwembamba hana hata kipeperushi. Akauliza swali ambalo wale wengine hakuna aliyeliuliza: "Nyie mnajua kuogelea?" Nikamwambia ukweli wangu wa bwawa la watoto. Akasema, "Basi Mnemba iacheni kwanza. Kesho maji yanajaa saa moja na nusu asubuhi, tukitoka saa mbili maji yatakuwa yamesimama, nawapeleka Changuu, pale mtajifunza kupumua." Tukapatana elfu themanini boti nzima, kwenda, kusubiri na kurudi, kiingilio cha kisiwa juu yetu.

Hapo ndo nilipoanza kuelewa kwamba huko watu hawaishi kwa saa ya ukutani. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, toka kujaa hadi kupwa ni kama masaa sita, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ndo bamvua, maji yanapanda na kushuka mno, tofauti inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanajongea kidogo tu. Sisi bila kujua tulikuwa tumeangukia wiki ya kuelekea maji mafu, ambayo kwa mwoga ni bahati, ila bahati yenyewe niliielewa siku ya tano.

Usiku mdogo wangu akaja na karai la kufulia. Miwani ya majini na snokeli tulinunua Kariakoo siku moja kabla, tulizijaribu pale pale dukani, unaiweka miwani usoni bila kuvuta mkanda, unavuta hewa kwa pua, ikining'inia yenyewe bila kuanguka basi uso wako na hiyo miwani vimeelewana. Zile za kufunika uso mzima tuliziacha, naona ikiingia maji ndani hujui uanzie wapi. Sasa karai likajazwa, nikapiga magoti chumbani gesti, nikatumbukiza uso na kupumua kwa mdomo. Mara ya kwanza nilitoka baada ya sekunde tatu. Mara ya kumi nilikaa mpaka Baba J akauliza kama bado nipo. Cheka ukitaka, lile karai ndo limeniokoa safari nzima.

Jumapili, siku ya pili: Changuu

Changuu ndo hicho wanachokiita Kisiwa cha Magereza, kutoka mjini ni kama nusu saa kwa boti ya faiba yenye turubai juu. Gereza lenyewe lilijengwa miaka ya 1890 na halijawahi kufunga mfungwa, likaishia kuwa sehemu ya karantini, kutenga watu waliokuja na meli wakishukiwa magonjwa. Mdogo wangu alitaka kwenda moja kwa moja kuwaona kobe, yule kijana akakataa, akasema kobe hawaendi popote, maji ndo yanaondoka.

Tukaingia maji ya kiunoni. Na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hamna aliyeniambia: shida ya snokeli sio kuogelea, shida ni kifua. Ukitumbukiza uso baharini mwili mzima unakataa, unapumua haraka haraka kama umekimbizwa na mbwa, na kadri unavyopumua hivo ndo unavyohisi hewa haitoshi. Karai ni karai, bahari inakusukuma. Yule kijana akasimama pembeni, akanishika kiganja, akasema vuta moja mbili, toa moja mbili tatu nne, toa kwa muda mrefu kuliko kuvuta. Tukafanya hivo nadhani robo saa nzima, nimesimama tu, nimeinama kama naokota sindano. Hajakasirika, hajaangalia saa, hajaniambia dada twende.

Halafu akasema sasa inua miguu. Nikainua. Sikuzama. Maji ya chumvi yanakubeba, ukiongeza na laifu jaketi huwezi kuzama hata ukiamua, ila ubongo unahitaji kuonyeshwa, hausikii maneno.

Tukaanza kujifunza mengine kwa njia ya kuumia. Miwani yangu inavuja, kumbe rasta moja imepita chini ya mpira, nywele hata moja inatosha kuleta maji. Ya Baba J inavuja kwa sababu ya masharubu, kijana akampaka vaselini juu ya mdomo, ikatulia. Ya mdogo wangu ikajaa ukungu haoni kitu, hiyo ni joto la uso linakutana na kioo cha baridi, dawa yake temea mate, sugua na kidole, suuza kidogo tu, usioshe mpaka yaishe. Mimi ninayeona kinyaa kutemea kioo changu mwenyewe siku hiyo nilitema kama mvuta tumbaku. Na maji yakiingia kwenye bomba la snokeli usiling'oe kwa hofu, puliza kwa nguvu mara moja, tuuu, kama nyangumi.

Nilipoangalia chini sasa. Jamani. Kulikuwa na visamaki vyenye mistari mieusi mitano, mgongoni wamepakwa njano, wananizunguka kama kuku wanaosubiri pumba. Nikanyoosha mkono kumgusa mmoja sikumfikia, nikadhani ananikwepa, kumbe kupitia kioo vitu vya majini vinaonekana vikubwa kwa kama theluthi na vimesogea karibu kuliko vilivyo. Samaki pono nilimsikia kabla ya kumwona, anang'ata mwamba unasikia kabisa kruch kruch kama mtu anatafuna barafu. Na matumbawe ambayo mimi miaka yote nilijua ni mawe, kijana akasema ni wanyama, vidogo vidogo, maelfu, wanajenga nyumba na kuishi humo, ukikanyaga umekanyaga mtaa mzima. Kuna sehemu chini pana wale weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, kwa hiyo miguu huishushi popote bila kuangalia, na viatu vya mpira sio mbwembwe.

Kobe tuliwaona mwishoni, wakubwa kama meza za kahawa, asili yao ni wale walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, wengine wameandikwa umri kwenye gamba na ni wazee kuliko bibi yangu. Nikampa mmoja mchicha. Akala taratiiibu, hana haraka na mtu.

Kosa la siku: mgongo. Nilivaa tisheti, safi, lakini nyuma ya magoti na mapaja niliacha wazi, kwa imani ile ya kwamba ngozi zetu haziungui. Usiku nililala kifudifudi. Zinaungua. Ukielea umelala juu ya maji kwa saa moja na nusu hujisikii joto, jua linakuoka polepole na maji yanakudanganya. Siku zilizofuata nilivaa suruali ya kubana mpaka kwenye kifundo, inasaidia kuliko losheni, na losheni nyingine zina kemikali ambazo zinaumiza matumbawe, ndo maana Palau na Hawaii zilipiga marufuku baadhi yake.

Jumatatu, siku ya tatu: Fumba

Sikutaka kwenda kwa sababu ya magoti, ila tulishalipa. Fumba iko kusini magharibi, huko ndo ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997, visiwa vidogo vidogo na mafungu ya mchanga. Hii ilikuwa safari ya siku nzima kwenye dau na wageni wengine, watu wa kila pembe ya dunia tumo humo, Wataliano, Wahindi wa Nairobi kwenye fungate, sisi.

Kwa mtu anayeanza, siku hii nimeipenda kwa sababu moja, hulazimiki. Dau linatia nanga, anayetaka kuingia majini anaingia, asiyetaka anakula nazi. Sehemu ya snokeli maji hayakuwa maangavu kama Changuu, kuna vumbi vumbi la mchanga, lakini kina ni kifupi na msaidizi mmoja alikuwa anaogelea nyuma yetu muda wote kama mchungaji. Niliona kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, chekundu kikubwa kuliko sahani. Dada mmoja mgeni akakitoa nje ya maji apige picha, yule msaidizi akamwambia kwa upole sana rudisha dada, huyo anapumua huko. Dada akarudisha. Nimependa alivyosema.

Walituahidi kuingia kwenye ziwa la mikoko pale kisiwani Kwale, kuelea katikati ya mizizi. Tulipofika maji yameshatoka, ziwa limebaki tope na kaa. Baadhi ya wageni walilalamika, pesa yangu, picha ilionyesha maji, sijui nini. Nahodha akawajibu kwa kuangalia baharini tu. Mimi kwa siku tatu nilishajua, siku hiyo maji yalijaa saa mbili na nusu, tungekuja asubuhi tungeyakuta. Ila hao hao waliolalamika ndo walifurahi baadaye fungu la mchanga lilipojitokeza katikati ya bahari, jeupe, halina hata mti, ambalo nalo lisingekuwepo kama maji yangekuwa yamejaa. Huwezi kupata vyote siku moja. Chakula kilikuwa samaki wa kuchoma na kambakochi, Baba J alikula mpaka nikamwombea radhi. Kurudi wakazima injini wakapandisha tanga, kimya, sauti ya maji tu kwenye mbao, na mimi nimesimama njia nzima maana kukaa siwezi.

Jumanne, siku ya nne

Siku ya kuhama. Daladala namba 118 mpaka Matemwe, pwani ya kaskazini mashariki, mabegi juu, magoti yangu chini yanalia. Tumefika saa kumi jioni tumevaa tayari kwa kuogelea, tukatoka mbele ya gesti, bahari haipo. Imeenda. Unaona mstari wa mawimbi meupe kule mbali kwenye mwamba na kutoka hapo mpaka miguuni kwako ni mchanga, majani na vidimbwi, akina mama wanatembea na vidoo vyao wanatafuta pweza, wengine wako kwenye kamba zao za mwani. Mzee mmoja akatuona tumeduwaa akacheka, akasema, "Na haya bado ni maji mafu wanangu, njooni bamvua muone yanavyohama."

Kwa hiyo ukienda pwani ya mashariki usitegemee kuamka tu na kuingia na snokeli yako kutoka ufukweni, muda mwingi ni boti. Huyo mzee ndo alikuja kuwa nahodha wetu wa kesho. Yeye naye, kabla ya kutaja bei, aliuliza nani hajui kuogelea. Nikanyoosha mkono kama niko darasani.

Jumatano, siku ya tano: Mnemba

Sasa hii ndo ile niliyoimbiwa Forodhani siku ya kwanza. Mnemba ni kakisiwa kadogo, kako chini ya hoteli binafsi, hushuki kama sio mgeni wake, watu wanaogelea kwenye miamba inayokizunguka, na eneo lote la bahari pale ni hifadhi tangu 2002, kuna ada unalipa kwa kichwa. Mzee alitaka tuondoke saa kumi na mbili na nusu. Baba J akaanza kununa, likizo gani hii ya kuamka alfajiri. Mzee akamwambia, "Baba, boti za Nungwi na Kiwengwa zikifika saa tatu pale hamtaona samaki, mtaona miguu."

Kwa miezi hii upepo ni kaskazi, unapiga upande huo huo wa kisiwa, kwa hiyo bahari haikuwa ile sahani ya Changuu. Na hapo ndo nikaelewa kwa nini yule kijana alituanzisha magharibi: pwani ya mjini inakingwa na kisiwa chenyewe, iwe kaskazi inayotoka kaskazini mashariki au kusi inayotoka kusini mashariki, kule kunatulia zaidi. Huku mashariki tukivuka mwamba boti ilipanda na kushuka mpaka mdogo wangu, mwenye safari, mwenye wazo, mwenye kutuhimiza, akalaza kichwa ukingoni akawalisha samaki. Baba J akampigapiga mgongo kwa huruma ya mtu anayeijua hiyo hali.

Mzee alizunguka upande usiopigwa na upepo, akafunga boti kwenye boya badala ya kutupa nanga, nanga inavunja matumbawe. Akatoa boya la duara lenye kamba ndefu. Akasema mwanangu wewe shika hapa, kijana wangu atakuvuta, usipige miguu kama hutaki.

Nikaingia. Pumzi, moja mbili, toa tatu nne. Poa. Chini matumbawe ya kila namna, kama uyoga, kama pembe za swala, kama kabichi, samaki kina kangaja wanapita kundi zima, kitatange wawili wawili kama wachumba, mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa shimoni na mdomo wazi kama anataka kunijibu. Nikajisahau. Nimejisahau kabisa naangalia tu, mpaka mwamba ukaisha. Sijui nieleze vipi, uko juu ya bustani halafu bustani inaishia na chini yako ni bluu tupu, nyeusi kabisa kule mwisho, na wewe umening'inia juu yake kama uko dirishani ghorofa ya kumi. Kifua kikafunga. Nikainua kichwa, nikang'oa snokeli, nikameza maji, nikapiga kelele ambayo sitaki kuikumbuka.

Yule kijana wa mzee alirudi taratibu, akageuza boya niangalie upande wa mwamba, akasema, "Dada, angalia mkono wangu, usiangalie kule." Akaniwekea mkono mbele ya miwani chini ya maji, vidole vitano. Nikaviangalia. Tukarudi hivo hivo mpaka mchanga ukaonekana chini. Hakucheka. Nikamwambia nirudishe kwenye boti, akasema sawa, halafu akasema ila kuna mtu anakuja. Nikatumbukiza uso. Kasa. Anakuja kutoka kule kwenye bluu niliyoikimbia, anapiga yale mapezi yake kama anapunga, akapita kama mita nne kutoka kwangu, akapanda juu kuvuta hewa, nikaona kabisa kichwa chake kinatoka nje, halafu akashuka akaondoka zake. Hata hakuniangalia. Sikurudi kwenye boti.

Kuhusu mkondo, mzee alisema leo maji ni mafu ndo maana mkondo ni mdogo, angetukuta bamvua asingetuleta sehemu ile sisi wa kujifunza. Yule aliyetaka kuniuzia "Mnemba kesho" Forodhani sidhani hata alijua mwezi uko wapi.

Saa tatu na nusu boti zikaanza kumiminika kweli. Nilihesabu thelathini nikaacha. Watu wanamwagwa majini kama mizigo, wengine hawana laifu jaketi, wengine wamesimama juu ya matumbawe wanatengeneza miwani, wengine wanawatupia samaki mikate. Halafu mtu akapiga mluzi, pomboo, pomboo, na zile boti zikageuka zote kwa pamoja na injini kuwafukuza, zikawazunguka, watu wakawa wanaruka juu yao. Pomboo walizama wakatokea mbali, boti zikageuka tena. Mdogo wangu ambaye ndoto yake ilikuwa pomboo akasema yeye hataki hivi. Mzee akawasha injini akatuondoa bila maneno. Tuliwaona wengine njiani tunarudi, watatu, kwa mbali, mzee akazima injini tukakaa. Walikaa dakika kadhaa wakaenda. Ilitosha.

Alhamisi, siku ya sita

Upepo. Hamna boti. Tumerudi mjini, tumelala, tumekula urojo, Baba J kanunua kofia ya tatu. Kuna mtu alitaka kutupeleka Kizimkazi kuogelea na pomboo tukamwambia tumeshaona.

Ijumaa, siku ya saba: Chumbe

Hii tuliweka nafasi tangu Jumapili kwa sababu wanapokea watu wachache, na kusema kweli ndo siku iliyokula hela kuliko zote, nilimwambia Baba J kiasi tukiwa tayari ndani ya boti. Chumbe iko kusini ya mji, ni hifadhi tangu 1994, haruhusiwi mvuvi wala wazamiaji wa mitungi, snokeli tu. Yaani sisi ambao kila mahali ni watu wa daraja la mwisho, pale ndo wateja wenyewe.

Mwamba uko hapo hapo karibu na ufukwe, huhitaji kurushwa kutoka kwenye boti. Unaongozwa na askari wa hifadhi, baadhi yao walikuwa wavuvi zamani, na unaona wanajua, wetu alikuwa anaelea tu mikono imekunjwa kifuani kama mtu yuko kwenye kochi, anakuonyesha kidole, pale, na pale, na chini ya ile. Kisiwa kidogo vile kina zaidi ya aina 400 za samaki. Tofauti na sehemu nyingine unaiona bila kuambiwa, huku samaki hawakukimbii na matumbawe hayajavunjika vunjika, makubwa, yamepandana, unapita juu yake umebana tumbo kwa ndani ukiogopa kugusa. Kwa juu kuna baadhi meupe, nikadhani ni uzuri, akaniambia hayo yamepata joto, maji yakizidi joto yanafukuza ule mwani mdogo mdogo unaoishi ndani yake na kuyapa rangi na chakula, joto lisipopungua yanakufa, na mwaka 1998 Bahari ya Hindi magharibi yote ilipigwa vibaya sana. Niliporudisha uso majini nilikuwa naangalia meupe tu.

Baadaye tukapanda mnara wa taa wa 1904, na jioni kabla ya kuondoka wakatuonyesha kaa wa nazi amejificha kwenye mizizi, mkubwa kama paka, na Baba J akarudi nyuma hatua mbili akasema alikuwa anatafuta angle ya picha.

Nilikaa majini mara mbili siku hiyo. Ya pili bila boya, bila kushikwa. Laifu jaketi sikuvua na sivui.

Jumamosi, kurudi

Boti ya saa moja. Baba J kakaa nyuma, katikati, macho kafumba. Mimi nabanduka ngozi nyuma ya magoti, imeanza kuwasha. Mdogo wangu yuko pembeni na simu ananionyesha kisiwa cha Mafia, anasema kule kuna papa potwe, ukubwa wa basi, hawana noma wanakula vitu vidogo vidogo tu, wanaonekana kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tatu. Nikamuuliza kina kinakuwaje. Akasema dada si unashika boya. Nikamwambia aangalie mwezi utakuwaje hiyo wiki.